SOMO: MTOTO AKIHARISHA, TUFUATE YALIYOTHIBITISHWA

Mtoto anayeharisha huweza kufa kwa sababu ya kuishiwa maji mwilini. Wengine wetu bado humnyima maji wakidhani tumbo litafunga. Sivyo!

Mwaka 1968 madaktari mjini Dhaka walionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu wakinywa maji yenye chumvi na glukosi, haja ya dripu hupungua sana. Mwaka 2004 WHO na UNICEF wakashauri tuongeze zinki: miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14. Aliye chini ya miezi 6 walishauri apewe miligramu 10. Zinki hufupisha ugonjwa.

Lakini ujuzi ukibaki kwenye karatasi haumponyi mtu. Zahanati ikikosa zinki, au mama akipewa antibayotiki pekee ambayo mtoto haihitaji, bado tuna kazi.

Basi fanyeni hivi:

1. Kila mwezi katibu aulize zahanati: ORS na zinki zipo? Jibu aliandike kwenye daftari.
2. Mhudumu wa afya wa kijiji awaonyeshe kuchanganya ORS kwa maji safi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye paketi.
3. Mtoto aendelee kunyonya na kula.
4. Akishindwa kunywa, macho yakizama, au choo kikiwa na damu, mkimbizeni hospitali mara moja.

Maswali ya kujadiliana: Mtoto aliyeharisha majuzi hapa kwetu alipewa nini? Zinki ikikosekana, nani ataenda kuuliza, na lini?