Somo: Adabu ya Mgeni Pangoni



Katika somo la mwezi huu twataka kuzungumza juu ya mapango ya mawe ya chokaa, na juu ya watu waingiao humo kutazama. Labda baadhi yenu mtauliza: sisi watu wa Mpui yatuhusu nini? Ni kweli, mawe ya Ufipa ni mawe magumu ya kale, wala maji hayawezi kuyala yakafanya vyumba chini ya ardhi. Lakini sisi husafiri. Kwaya zetu hupanda gari kupitia Tunduma kwenda Mbeya, vijana wetu huenda kusoma Tanga na Unguja, na katika safari hizo hakosekani wa kusema, "Twendeni tukaone." Tena huku kwetu nako wageni huja kutazama. Basi jambo hili latugusa pande zote mbili.

Kwanza tufahamu pango la namna hii ni kitu gani. Mvua huchukua hewa ya ukaa angani, na zaidi udongoni penye mizizi na majani yaozayo, ikawa na ukali kidogo, kama ndimu iliyokamuliwa katika pipa la maji. Ukali huo huyeyusha jiwe la chokaa polepole sana. Ufa huwa njia ya maji, na njia ya maji mwishowe huwa chumba. Halafu kazi hugeuka: tone lining'iniapo darini hupoteza ile hewa na kuacha chembe ya chokaa. Chembe juu ya chembe, ndipo zinapoota zile nguzo, nyingine zikishuka kutoka juu, nyingine zikipanda kutoka chini. Nyingi hukua kwa kadiri ya sehemu ya kumi ya milimita kwa mwaka. Pigeni hesabu wenyewe. Kipande cha urefu wa rula ya mwanafunzi, yaani sentimita 30, ni kazi ya miaka 3,000 hivi. Kijana akikivunja ili awaonyeshe wenzake, amevunja kitu kilichoanza kuota miaka kama elfu moja kabla ya kuzaliwa kwake Kristo, na nyumbani kitakaa dirishani kikishika vumbi.

Hata kugusa tu kuna madhara. Mafuta ya mkono huzuia chokaa mpya kushika, na mahali palipoguswa na wengi huwa peusi. Moshi wa mwenge huacha masizi ambayo hakuna mvua ya kuyaosha.

Mapango yaliyo karibu nasi zaidi ni yale ya Songwe, njiani kwenda Mbeya, ambako chemchemi za maji moto zimeweka chokaa nyingi na popo wamefanya makao. Chokaa hiyo hiyo huchimbwa kwa ajili ya saruji, nasi twaijua saruji kwa kuwa twaijengea. Hatusemi kiwanda kifungwe! Twasema tu kwamba jiwe moja linaweza kutakiwa na watu wengi, na yafaa waulizwe wote, hata wale wasio na kampuni. Na njia hiyo hiyo, katika Wilaya ya Mbozi, kuna kimondo cha tani 16 hivi. Si pango, lakini mkifika kitazameni vizuri: mtaona pale alipokata mtu kwa msumeno mnamo mwaka 1930 akitaka kipande. Chuma kile hakioti tena.

Yenye sifa kuliko yote katika nchi yetu ni mapango ya Amboni, kilomita chache kaskazini ya mji wa Tanga. Yako kumi, na wageni huongozwa katika moja tu. Serikali ya kikoloni ilianza kuyahifadhi mwaka 1922, na mwaka 1963 yakawekwa chini ya Idara ya Mambo ya Kale. Watu husimulia kwamba ukiingia Amboni waweza kutokea Mombasa, au hata Kilimanjaro. Waliopima mwaka 1994 waliona kwamba lililo refu kuliko yote halifiki hata kilomita moja. Hadithi ni tamu, lakini mwongozaji mwema huisimulia kama hadithi, kisha husema na kipimo.

Humo Amboni kuna mahali ambapo watu huacha sadaka kwa mizimu, wakiomba watoto au uzima. Mkristo afanye nini afikapo hapo? Maoni yetu ni kwamba hana haja ya kushiriki, wala hana ruhusa ya kucheka, kupiga picha za watu wanaoomba, au kuchukua kilichoachwa. Wako waumini wenye bidii ambao huona ushujaa kukanyaga vitu vya wenzao. Hao wajiulize wangependa mtalii afanye nini mbele ya altare yetu.

Pumzi pia huharibu. Huko Ufaransa pango la Lascaux, lenye picha za wanyama zilizochorwa maelfu ya miaka iliyopita, lilifunguliwa kwa watu mwaka 1948. Wageni walikuwa wengi mno, na pumzi zao zikaleta unyevu, hewa chafu na ukungu wa kijani juu ya picha. Likafungwa mwaka 1963, na tangu mwaka 1983 wageni huonyeshwa mfano uliojengwa kando. Wenye nchi walikubali kukosa mapato ya pango lenyewe kuliko kulipoteza.

Sasa popo. Wengi huwachukia, kumbe wako wanaokula wadudu wa mashambani, na wako wanaobeba chavua ya mbuyu. Jike kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu kwa mara moja. Kelele na taa zikiwashtua, watoto huanguka chini wakafa. Lakini si wao tu wanaohitaji kulindwa. Mwaka 2008 mwanamke Mholanzi aliyeingia pango lenye popo katika msitu wa Maramagambo, Uganda, alirudi kwao akafa kwa ugonjwa wa Marburg. Pango likafungwa, na baadaye pakajengwa mahali pa kutazamia kwa mbali. Ugonjwa huo ulifika Kagera kwetu mwaka 2023, na tena mwaka 2025. Kwa hiyo mwongozaji akisema, "Hapa hatuingii," msimpe fedha ili aingie.

Juu ya fedha kuna mengi. Shimoni, pwani ya Kenya, pango linalokumbukwa kwa habari za watumwa husimamiwa na wanakijiji wenyewe, na ada husaidia mahitaji ya kijiji. Kwingine mgeni hulipa mjini, na mwenyeji huachiwa chupa za plastiki. Katika nchi ya chokaa chupa na vinyesi si jambo dogo, maana maji hupita katika mashimo bila kuchujwa na udongo, na kinachotupwa pangoni chaweza kutokea kisimani kwa jirani.

Kwetu Ufipa tuna maporomoko ya Kalambo, ya zaidi ya mita 200. Karibu nayo wataalamu walichimbua magogo mawili yaliyounganishwa na mikono ya watu wa kale, na mwaka 2023 wakatangaza kwamba umri wake ni miaka 476,000 hivi. Tuna pia mabaki ya matanuru ambamo mababu waliyeyusha chuma. Mengine yamebomoka, na mengine yako katikati ya mashamba yetu ya mahindi, ambapo jembe la kukokotwa na ng'ombe hupita kila msimu.

Katika mitaa yenu, tunaomba wazee wa kanisa, Umoja wa Mama na vijana wazungumze hivi: tanuru lililo shambani mwa mtu ni la nani? Mgeni akija kuliona, nani ampokee, alipe nini, na fedha iwekwe kwa nani? Na kabla hajafika mgeni yeyote, nani kati yetu anajua yaliyobaki ni mangapi?