Mafuta Yakiisha, Magari Yatatembea kwa Nini?

Tuanze na jambo unalolijua. Umesimama kituoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, sare yako imepigwa pasi vizuri. Daladala linakupita bila kusimama, linakuachia wingu la moshi mweusi usoni. Unakohoa, unaziba pua kwa daftari la Fizikia. Kesho yake unaambiwa nauli imepanda, eti mafuta yamepanda bei.

Moshi ule na nauli ile vimetoka kwenye tangi moja. Basi leo tujiulize: mafuta yakiisha itakuwaje? Na je, mapafu yako yatasubiri mpaka yaishe?

MAFUTA YANATOKA WAPI?

Petroli na dizeli hutokana na mafuta ghafi yanayochimbwa ardhini. Hayo ni mabaki ya viumbe wadogo sana wa majini waliofukiwa na matope mamilioni ya miaka iliyopita, wakagandamizwa na kupata joto. Huwezi kuyapanda kama alizeti ukavuna mwakani. Lita ukiichoma, imekwenda.

Mwaka 1859 Edwin Drake alichimba kisima chake maarufu huko Pennsylvania, Marekani. Wakati ule watu walitaka mafuta ya taa tu, magari ya petroli hayakuwepo. Leo dunia inatumia mapipa milioni 100 hivi kila siku, na pipa moja ni lita 159.

YATAISHA LINI?

Chukua kalamu. Akiba ya mafuta iliyothibitishwa ardhini ni kama mapipa trilioni 1.7. Gawanya kwa milioni 100 kwa siku. Unapata siku 17,000, yaani miaka 46 na ushei. Kama sasa una miaka 16, utakuwa na 62.

Lakini usikimbilie kuweka alama kwenye kalenda. Mwaka 1956 mtaalamu wa miamba, M. King Hubbert, alisema uchimbaji wa mafuta Marekani ungefika kileleni karibu mwaka 1970, kisha ushuke. Ikawa kweli. Lakini baadaye wakaja na mbinu za kupasua miamba migumu, na mwaka 2018 Marekani ikakivuka kilele kile cha zamani. Kwa hiyo mafuta hayaishi ghafla kama maji ya mtungi. Yale rahisi kuchimba huisha kwanza. Yanayobaki yako chini ya bahari kuu au ndani ya mwamba, na kuyatoa ni gharama kubwa.

Tena bei hupanda hata visima vikiwa vimejaa. Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilipopunguza mafuta kwa sababu ya vita, bei duniani ilipanda karibu mara nne katika miezi michache. Waulize babu na bibi walivyopanga foleni kwenye vituo vya mafuta miaka ile.

MAPAFU HAYASUBIRI

Sasa tuje kwenye mwili wako. Moshi wa gari una chembe ndogo kuliko unene wa unywele. Zinapita puani, zinashuka mpaka kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Mwenye pumu hubanwa zaidi, na moyo nao huumia. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

JE, WAJUA? Kwa miaka mingi petroli ilichanganywa na madini ya risasi ili injini isigonge. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, akashindwa kujifunza vizuri. Ilipotakiwa iondolewe, wapo waliosema haiwezekani. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na Algeria ikawa nchi ya mwisho duniani, mwaka 2021. Magari hayakusimama! Risasi haikuondoka kwa sababu imekwisha ardhini. Watu waliamua.

MAGARI YA KESHO

Njia zipo kadhaa. Brazil ilianza mpango wa kuendesha magari kwa pombe ya miwa mwaka 1975. Dar es Salaam kuna bajaji na magari yenye mitungi ya gesi asilia. Gesi ina moshi mdogo kuliko dizeli, lakini nayo huchimbwa, kwa hiyo nayo ina mwisho.

Njia inayokua haraka ni umeme. Usidhani ni jambo geni: karibu mwaka 1900 magari ya umeme yalikuwa mengi katika miji ya Marekani, kabla petroli haijayashinda. Mwaka 2024 yaliuzwa duniani zaidi ya milioni 17, yaani zaidi ya gari moja katika kila magari matano mapya. Mwaka huohuo Ethiopia ilipiga marufuku kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli. Kigali kuna pikipiki za abiria zinazotumia betri, na Nairobi mabasi ya umeme yalianza kubeba abiria mwaka 2022.

Je, shida imekwisha? Hapana. Umeme ukizalishwa kwa makaa ya mawe, moshi umehama tu kutoka barabarani kwenda kwenye bomba la mtambo. Kenya ina nafuu, kwani umeme wake mwingi hutoka kwenye joto la ardhi, maji na upepo. Kuna na betri: nyingi zinahitaji kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, ambako watoto wa rika lako wamekutwa wakichimba kwa mikono. Zipo betri zisizotumia kobalti kabisa, na zinaenea.

Halafu foleni ya magari ya umeme bado ni foleni. Basi kubwa likijaa, hubeba watu ambao wangejaza magari madogo kwa makumi. Na miguu na baiskeli havidai petroli, tena vinaimarisha moyo.

MPAKA SIKU HIYO IFIKE

Mafuta yakiadimika, watu huanza kuyachezea. Wewe shika haya:

1. Usinyonye petroli kwa mdomo na mpira. Tone dogo likiingia mapafuni linaweza kuua. Aliyemeza asitapishwe, mpelekeni hospitali mara moja.

2. Usifiche petroli ndani ya nyumba. Mvuke wake hushika moto kwa cheche tu, na ikiwa kwenye chupa ya soda, mdogo wako atainywa.

3. Lori la mafuta likipinduka, kimbia mbali. Morogoro, Agosti 2019, lori lililipuka watu wakichota petroli. Walikufa zaidi ya 100. Ndoo moja ya bure, kweli ina thamani hiyo?

4. Usikae karibu na injini inayounguruma mahali palipofungwa. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na inaua.

5. Ukingoja basi, simama mbali na bomba la moshi, hasa ukiwa na mtoto mdogo. Pua yake iko usawa wa bomba.

JADILINI DARASANI

- Simameni nje ya shule kwa nusu saa. Hesabuni magari yanayopita na watu waliomo ndani. Mngewapanga kwenye mabasi mangapi?
- Umeme wa wilaya yenu unatoka wapi?
- Risasi iliondolewa kwenye petroli kwa uamuzi wa watu. Ni uamuzi gani mngependa uchukuliwe sasa, na mtamwambia nani?

Dereva, fundi na waziri wa miaka hiyo 46 ijayo mmoja wao ameketi dawati la jirani. Au ni wewe.