Kusawazisha kiwanja cha mahindi na njia ya shamba kwa mashini ya kukodi



Katika eneo letu la Sakania, mahindi mengi yanavunwa kuanzia mwezi wa nne, mvua ikiisha. Mwaka wa 2024 ukame uliharibu mashamba ya Zambia, na sisi wa Haut-Katanga, tuliozoea unga unaopita Kasumbalesa, tuliona namna mahindi yetu wenyewe yana bei. Lakini tukiyaanika kwenye kiwanja chenye mashimo, maji yanatuama na ukungu unaingia. Ukungu huo unaweza kuleta aflatoksini, sumu isiyoisha hata tukipika bukari. Na njia ikiwa mbaya, kamio haifiki, mnunuzi anashusha bei.

Grederi ni ya bei kali. Lakini mashini yenye kijiko mbele na mkono wa kuchimba nyuma inaweza kukodiwa kwa siku moja, ikipita karibu kwa kazi ya barabara. Kijiko peke yake hakitoshi: meno yake yanaacha mifereji, na kila mfereji ni njia ya maji. Ndiyo maana tunajitengenezea vyombo vitatu.

1. Boriti mbele ya meno. Mutafute boriti ya chuma iliyonyooka, ndefu kidogo kupita upana wa kijiko. Muifunge chini ya meno kwa minyororo na bolti. Musiichomelee kwenye kijiko: moto unadhoofisha chuma chake, na mwenye mashini hatakubali. Shofere alaze kijiko, kisha arudi nyuma polepole, akiacha boriti ifuate udongo kwa uzito wake. Akiikandamiza mpaka magurudumu ya mbele yanainuka, mashini haiongozeki tena.

2. Fremu ya kukokota. Hii si kitu kipya. D. Ward King, mkulima wa Missouri, Marekani, alipasua gogo katikati, akaunganisha vipande viwili, kimoja nyuma ya kingine, akavikokota kwa farasi juu ya njia ya udongo. Mwaka wa 1908 wizara ya kilimo ya nchi yake ilichapisha mafundisho yake. Sisi tunaweza kutumia magogo magumu au boriti mbili, zikiachana kama sentimita 75. Ya kwanza inakata vilima, ya pili inajaza mashimo. Mnyororo mmoja ukiwa mfupi kuliko mwingine, fremu inakwenda upande na kupeleka udongo katikati ya njia, ili maji yateremke pembeni. Kama mtu anawauzia kipande cha reli, muombe karatasi. Reli ya njia ya treni haiguswi.

3. Mipira ya zamani ya kamio. Mitatu au mine, ikifungwa pamoja kwa mnyororo, inapitishwa mwisho ili kulainisha.

Sasa kazi yenyewe. Wakati mzuri ni mwisho wa mvua. Mukamate udongo mkononi na kuufinya: ukishikana bila kutoa maji, muanze. Ukiwa mkavu, mashini inatimua vumbi tu. Ukiwa tope, inachimba mashimo mapya.

Kwanza muondoe udongo mweusi wa juu, mulundike pembeni, kisha muupeleke kwenye bustani za mboga. Huo ndio chakula cha mimea, na chini yake mara nyingi ni udongo mwekundu mgumu. Kwa sababu hiyo musikubali shofere "asafishe" shamba lenyewe akisha kumaliza kiwanja. Shamba likikwanguliwa linaonekana zuri siku moja, na mavuno yanapungua miaka mingi. Uzito wa mashini nao unabana udongo, mizizi inashindwa kushuka.

Kichuguu kikiwa katikati ya kiwanja, kivunjwe kwa mkono wa kuchimba. Udongo wake, ule tunaofanyia matofali, ni mzuri kwa tabaka la juu: muulowanishe kidogo na kuushindilia.

Kiwanja hakipashwe kuwa sawa kabisa kama meza. Mteremko wa sentimita 20 kwa kila metre 10 unatosha. Mupime kwa mpira mwembamba unaopitisha mwanga, wenye maji ndani: maji yatasimama kimo kimoja pande zote mbili. Mupime kutoka maji mpaka chini kila upande. Upande wa kutokea maji uzidi kwa sentimita 20. Mvua ikinyesha, mutaona kama mumepima vizuri. Na hata kiwanja kikiwa kizuri, mahindi yaanikwe juu ya bashi.

Usalama: mtu asipande juu ya fremu ili kuongeza uzito; mutie mifuko ya mchanga. Mtu asisimame karibu na mnyororo uliokazika, juu ukikatika unaua. Watoto wakae mbali.

Mashini inakula mazutu kila saa, hata ikisimama ikingojea. Basi kabla haijafika, vyombo vifungwe, mipaka ipigwe vijiti, na mkutano uwe umekwisha kukubaliana mambo matatu: maji yatatokea wapi, udongo mweusi utawekwa wapi, na nani peke yake atamwambia shofere la kufanya.