WIMBO UNA KWAO

Tulia nikusimulie jinsi nilivyoumbuka, kisha tujifunze pamoja. Wahenga walinena, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi nami sasa nikishika gitaa hujiuliza swali moja kabla sijaligusa.

Chama chetu cha Kiswahili kilinipa kazi ya kutunga wimbo wa kuwaaga ndugu zetu wa kidato cha nne. Mmoja wao alikuwa ametangulia mbele ya haki mwezi mmoja kabla ya mtihani, kwa hivyo kiitikio kilikuwa chake. Sauti nilizipata nikichuma chai shambani kwetu hapa Gesima: la, do, re, mi, so. Tano tu, na kila ubeti uliishia kwenye la. Nikiuimba peke yangu mwili ulisisimka.

Kisha nikaazima gitaa. Nilijua kodi tatu (si ile kodi ya serikali!): C, F na G. Kodi ni sauti tatu au zaidi zinazopigwa kwa pamoja. Nikazipachika tu, kila ubeti nikaumalizia kwa C. Lo! Siku ya mazoezi wenzangu wakaanza kutikisa mabega. Kiitikio cha marehemu kikageuka wimbo wa harusi! Rafiki yake wa chanda na pete akatoka nje bila kusema neno. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jioni nikaenda kwa babu, ambaye hupiga obokano, kile kinubi kikubwa cha Abagusii chenye nyuzi 8 na mvumo mzito. Akasikiliza, kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, huu wimbo kwao ni wapi?" Nikaduwaa. Akaniambia nivume ile sauti ambayo wimbo ukiifikia hutulia. Nikavuma la. "Basi mbona gitaa lako linaulaza kwa jirani?"

Hapo ndipo nilipofumbuka macho. Sauti zilezile zaweza kuwa na makao tofauti. Do, re, mi, so, la zikitulia kwenye do, wimbo huchangamka. Zikitulia kwenye la, hupata uzito. Mpangilio huo wa sauti na makao yake ndio wanamuziki huuita modi. Tukichukua C kuwa do, kodi ya C ni do-mi-so. Haina la! Ndiyo maana sauti yangu ya mwisho ilining'inia kama mgeni aliyeachwa mlangoni. Kodi iliyofaa ilikuwa A maina, yaani la-do-mi.

Hebu fuata hatua hizi:

1. Vuma wimbo wako bila ala yoyote. Tafuta sauti unayotulia.

2. Malizia kwa kodi iliyojengwa juu ya sauti hiyo. Makao yakiwa do, tumia C. Yakiwa la, tumia A maina. Anayeanza kujifunza afungue wimbo kwa kodi hiyo hiyo.

3. Katikati ya wimbo, chagua kodi iliyo na sauti unayoimba. Kwa mfano, re imo katika D maina (re-fa-la) na pia katika G (so-ti-re). Jaribu zote mbili, sikio liamue.

4. Usibadilishe kodi kwa kila silabi. Badilisha penye mkazo wa neno. Katika "rafiki", ngoja "fi".

Lakini usidhani kwamba la ni ya kilio tu. Wimbo wetu wa taifa, uliotayarishwa mwaka 1963 kutokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza watoto, nao una makao ya la. Tukiuimba bendera ikipanda, hatulii, tunasimama wima. Maneno na mwendo wa wimbo navyo vina kazi yake.

Mimi nilibadilisha zile C za mwisho tu, nikaweka A maina. Maneno hayakuguswa, sauti hazikuguswa. Siku ya kuagana hakuna aliyetikisa bega. Yule rafiki alibaki ndani, akaimba hadi mwisho.

Basi ndugu mtunzi, kabla hujashika gitaa, uulize wimbo wako kwao ni wapi. Tukijaliwa, tukutane toleo lijalo. Kwaheri ya kuonana!