Nani Alitoa Kwanza? Kufundisha Sadaka na Zawadi
Tunapofundisha mila za mataifa ya mbali, tusianze na hukumu. Tuwaulize wanafunzi: nani alitoa kwanza? Majibu yaandikwe ubaoni katika safu mbili.

Wainuit, wawindaji wa nchi za barafu kaskazini mwa Amerika, waliamini kuwa sili, mnyama wa baharini, hujitoa mwenyewe kwa mwindaji. Wakamtilia kinywani maji yasiyo na chumvi ili kumkata kiu, na nyama wakagawiana.

Waazteki wa Mexico, ambao mji wao Tenochtitlan ulitekwa mwaka 1521, waliamini kuwa miungu walijitoa mhanga ili jua lipate kwenda. Deni hilo wakalilipa kwa damu ya binadamu.

Wote walirudisha fadhila. Walitofautiana katika malipo. Mwanafunzi akilifahamu hilo, ataweza kuyalaani mauaji pasipo kuwadharau watu.