Bibi asiyefikiwa na ujumbe

Swali: Bibi yetu alifariki akitambikia mizimu ya ukoo, hakuwahi kuhubiriwa. Mjomba Mwislamu na shangazi Mkatoliki wote wanasema ni wa motoni. Ni haki hiyo?

Jibu: Pole sana. Wanamhukumu haraka kuliko dini zao. Kurani, 17:15, inasema Mungu haadhibu kabla ya kutuma mtume. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliwapa udhuru wasiofikiwa na ujumbe, hata waliofikiwa na habari potofu tu. Hilo la pili ni zito, mjomba anapaswa kulitafakari. Wapo wanazuoni wakali zaidi, kama walivyo wahubiri wengi. Kwa upande wa Wakatoliki, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, ulitamka kuwa asiyeijua Injili bila kosa lake, akamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu, anaweza kuokoka. Shangazi asome hati ya mtaguso huo, Lumen Gentium, aya ya 16.