Mahali pa Kukaa Bure Mjini: Somo Kutoka Namuwongo

Likizo inapofika wengi wetu hurudi mjini. Huko hukutana na swali ambalo hapa shuleni halipo: mtu asiye na fedha mfukoni akae wapi? Hapa tuna maktaba, uwanja na vivuli vya miti, wala hakuna atuulizaye tumenunua nini. Mjini karibu kila kiti kina bei yake. Basi nataka kueleza mahali pa kukaa bure ni mahali gani, kwa nini panahitajiwa, na jinsi panavyoweza kupotea au kuokolewa.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili kina neno zuri sana, nalo ni baraza. Katika miji ya kale ya pwani, mathalani Unguja na Lamu, baraza ni kiti kirefu cha mawe kilichojengwa mbele ya nyumba, kikashikamana na ukuta. Hapo wenyeji na wapita njia hukaa, hunywa kahawa na kupashana habari. Neno hilo hilo lina maana ya mkutano wa kushauriana, na ndiyo sababu twasema Baraza la Mawaziri. Waganda nao huita ukumbi wa mbele ya nyumba olubalaza, neno walilolipata katika Kiswahili. Hapa pana fundisho: watu hawawezi kushauriana wasipokuwa na mahali pa kukaa pamoja.

Mahali pa namna hii hupimwa kwa mambo manne. Kwanza, pawe bure kweli, pasiwe na kiingilio wala sharti la kununua soda. Pili, pafikike kwa miguu, maana nauli ya teksi nayo ni kiingilio. Tatu, pawe na kivuli, na pa kujikinga mvua. Nne, mtu akae kwa amani, mvulana au msichana, asifukuzwe wala asitishwe.

Sasa tutazame Namuwongo kwa kipimo hicho. Mtaa huu uko kusini-mashariki ya katikati ya Kampala, katika Divisheni ya Makindye. Juu yake ni kilima cha Muyenga chenye matangi ya maji na nyumba za watu wenye nafasi. Upande mwingine ni eneo la viwanda. Bondeni hupita reli, na pia mfereji wa Nakivubo uchukuao maji ya mji kuelekea Ziwa Viktoria. Huko bondeni jamaa nyingi huishi katika chumba kimoja kimoja. Chumba hicho ndicho jiko, ndicho malalo, ndicho sebule. Mgeni akiingia, watoto hutoka. Kwa hiyo kukaa nje si anasa wala uvivu, bali nje ni sehemu ya nyumba ambayo haikujengwa.

Watu hao hukaa wapi? Wengine hukaa kwenye baraza za maduka, na mwenye duka akiwa mwema huwaacha mpaka wateja wawe wengi. Vijana huingia katika vibanda vya video, ambamo mna benchi na kivuli, lakini mlangoni hulipwa fedha. Wengi huenda relini. Hapo ni bure na ni karibu: watoto hucheza, wanawake huuza nyanya na mkaa, wazee huzungumza. Lakini kipimo cha nne hakitimii, kwa kuwa gari la moshi hupita, na ardhi ni ya reli. Akaaye humo hana hati. Na mwaka 2014 nyumba na vibanda vilivyokuwa kandokando ya reli hiyo vilibomolewa. Pamebaki makanisa na misikiti. Nje ya saa za ibada, pakiwa wazi, hakuna mahali bora pa kusomea: pana paa, pana ukimya, na hakuna aulizaye bei.

Labda msomaji atasema, “Nendeni mjini penye bustani.” Ni kweli zipo. Karibu na sanamu ya Uhuru iliyochongwa na Gregory Maloba, Mkenya aliyefundisha Makerere, mtu aweza kusimama na kumtazama yule mama amwinuaye mtoto juu, ukumbusho wa mwaka 1962. Lakini Centenary Park, iliyotengwa mwaka 1990 kuadhimisha miaka 100 ya mji, iliingiliwa na biashara ya vyakula na vinywaji. Uwanja wa Katiba, mbele ya Mahakama Kuu, ulilindwa na polisi baada ya maandamano ya mwaka 2011, na kwa miaka kadhaa raia hawakuruhusiwa kupumzika humo. Hekalu la Wabahai kilimani Kikaya, lililofunguliwa Januari 1961, lina bustani pana isiyo na kiingilio, na watu wa dini zote hukaribishwa. Ni mahali pazuri mno, lakini kwa mtu wa Namuwongo kipimo cha pili kinashindwa, maana iko upande wa pili wa mji.

Tena kuna jambo la sheria. Mwaka 1824 Uingereza ilitunga sheria ya kuwaadhibu wazururaji, na fikira hiyo ikaletwa katika makoloni. Katika Sheria ya Adhabu ya Uganda mtu aliweza kukamatwa kwa kuonekana tu mahali ambapo askari alimdhania kuwa ana nia mbaya. Walioumia zaidi ni maskini, kwa kuwa ndio wasio na pa kukaa ila njiani. Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilibatilisha vifungu hivyo vya uzururaji. Yafaa kila kijana ajue habari hiyo.

Je, mahali palipo hatarini paweza kuokolewa? Tazameni Nairobi. Mwaka 1989 ilitakiwa kujengwa nyumba ya ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ambamo watu wa kawaida hupumzika Jumapili. Profesa Wangari Maathai aliandika barua nyingi kupinga, akatukanwa hadharani, asinyamaze. Mwishowe mpango ukaachwa, na bustani ikabaki.

Sisi hatuna Uhuru Park huko Namuwongo, ila tuna vipande vidogo: kiwanja cha mpira, mti wa fenesi, ua wa kanisa. Yatupasa mambo matatu. La kwanza, tumwulize mwenyekiti wa mtaa kila kipande ni cha nani, na jibu liandikwe, maana mali bila daftari hupotea bila habari. La pili, tupafagie wenyewe, kwa sababu mahali pachafu huwa rahisi kunyang'anywa. La tatu ni la ninyi mliotutangulia, wenye maduka na ofisi: wekeni benchi moja nje, na taa moja iwakayo mpaka saa nne za usiku. Kwa mtoto asomaye chini ya taa hiyo, zawadi hiyo yaweza kuwa sawa na chumba kizima.

Na chama chetu cha mjadala kikitafuta hoja ya muhula ujao, naleta hii: “Mji hupimwa kwa viti vyake vya bure kuliko kwa maghorofa yake.” Mimi nitasimama upande wa kuunga mkono.